Nyuma ya Goti la Kushoto

Mwanamke niliyemwogopa maishani mwangu ni mmoja tu, na hakuwa mama yangu wala mke wangu. Alikuwa mwosha maiti wa wanawake hapa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, Madagaska, na mtaani alijulikana kwa kazi yake tu: Mwosha. Mbele yake tulisema Koko, kama sisi wenye asili ya Ngazija tunavyowaita bibi zetu. Jina alilopewa na wazazi ninalijua, lakini halitanitoka. Si la kuandikwa na mimi.

Msomaji ana haki ya kujua nani anamsimulia. Shule nilikaa miaka mitatu, na mmoja kati ya hiyo nilikuwa mgonjwa. Nilianza kwa kubeba magunia bandarini, mtaji wangu ukiwa mgongo wangu. Leo nina malori matatu, boti mbili na mashine ya barafu, na ukila kaa katika hoteli yoyote ya Ambatoloaka, muulize mpishi kaa huyo katoka kwa nani. Hakuna aliyenishika mkono. Kiswahili hiki sikukipata nyumbani. Nyumbani kwetu ni Kimalagasi, na Kingazija cha wazee. Nilikipata Zanzibar na Mombasa nilikokuwa nikipeleka mizigo, kwa hiyo maneno ya Mwosha yaliyomo humu nimeyageuza mwenyewe. Nimejitahidi yasipoteze ukali wake, maana bila ukali si yeye.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na mikono mikubwa kama aliyoiazima kwa mvuvi. Alitembea haraka, ndoo yake ya bati mkononi, akisalimia watu bila kusimama. Mama yangu alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kushika kitu, nikataka watu waone. Nikanunua chupa ya manukato ya Kifaransa, kubwa, nikamngojea mlangoni nayo.

"Hii ya nini?"

"Manukato, Koko. Yametoka Ufaransa."

"Mama yako alipata kufika Ufaransa?"

"Hapana."

"Basi usimpeleke leo. Lete kafuri, uondoke mlangoni. Unaziba hewa."

Wanawake waliokuwa ndani wanalia waliangua kicheko, kisha wakarudi kulia. Ndivyo alivyokuwa. Msiba wake ulikuwa na vicheko ndani yake na hakuna aliyekasirika. Mwanamume akianza kuhimiza, kwamba jua linapanda na jamaa wamekaa, alimjibu kutoka nyuma ya pazia: "Maiti hana haraka. Wewe ndiye unaisikia harufu ya pilau."

Kwa kazi hiyo hakupokea chochote, hata kipande cha sabuni kilichobaki. Aliishi kwa mokari, mikate yetu ya mchele na nazi, aliyokuwa akiichoma kila asubuhi mbele ya mlango wake. Wateja aliwatukana, na kesho walirudi. Mke wa mkuu mmoja wa forodha aliwahi kulalamika kwamba mkate wake umeungua upande mmoja. "Na wewe umeiva upande mmoja," Mwosha alimwambia, "na mumeo hakukurudisha dukani."

Lakini kulikuwa na mambo yake ambayo hatukuyaelewa. Yeye aliyeshika wafu kila wiki hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Kisu kikitolewa uani, aliondoka. Siku ya Idi ya kuchinja alitoka mapema, akatembea mpaka kwenye mashamba ya langilangi, akarudi nyama ikiwa imeshaingia sufuriani. Tulimtania sana. "Kuku ana kelele," alijibu. "Wateja wangu wana adabu."

Na mlango wake haukuwa na komeo. Wezi walipozidi mtaani nilimpeleka fundi wangu amwekee la chuma, zuri, bila kumuuliza. Kesho yake nililikuta kizingitini kwangu limefungwa kwenye karatasi pamoja na skrubu zake zote. Nilikwenda kumlaumu. Akanitazama.

"Mlango ukifungwa kwa ndani," alisema, "na wewe ndiye umo ndani, umejifunga na nani?"

Sikuelewa, na kusema kweli niliudhika, komeo lile lilikuwa bora kuliko langu.

Tulichojua ni kwamba alitoka Mahajanga, bandari ya huko bara. Alifika Nosy Be mwishoni mwa miaka ya sabini, peke yake, na furushi moja. Wakati huo watu wengi wa asili yetu walikuwa wametoka Mahajanga, na hatukuwa tukiulizana, maana kila mtu alijua ni siku zipi. Siku zile watu wetu waliposakwa na wenyeji nyumba kwa nyumba, wakauawa, nyumba zikachomwa, waliosalia wakakusanywa kambini kisha wakapakiwa melini kupelekwa Ngazija, kwenye visiwa ambavyo wengi wao hawakupata kuviona. Watu wengine husema fujo. Yeye alisema vita. "Kabla ya vita chumvi ilikuwa chumvi." "Kabla ya vita mume wangu alikuwa mwoka mikate." Aliichukia Mahajanga, na hakuna kitu cha Nosy Be alichokisifu bila kukilinganisha na cha Mahajanga, na cha Mahajanga ndicho kilichoshinda.

Sasa nifike kwenye goti.

Dada yangu alijifunza kuosha kwake. Alifukuzwa mara tatu, mara ya tatu kwa kumwaga maji kabla hajaambiwa, na mara zote alirudi. Wanafunzi wengine walikuwa sita au saba, na karibu wanawake wote wanaoosha maiti Hell-Ville leo wametoka mikononi mwake. Kila mmoja wao, kabla ya jambo lolote, kabla hata ya kugusa maji, alikuwa akiinua mguu wa kushoto wa marehemu na kutazama nyuma ya goti. Ndivyo walivyomwona Mwosha akifanya, ndivyo walivyofanya. Kwao ilikuwa sehemu ya sunna. Miaka mingi wanawake wa mji huu wamekwenda makaburini wakiwa wametazamwa nyuma ya goti la kushoto, na hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza alikuwa mke wa mwalimu mmoja mgeni, aliyesoma. Aliingia msibani kusaidia, akaona, akasema, "Hilo halimo kitabu chochote. Mmelitoa wapi?" Wanafunzi wakamgeukia Mwosha. Mwosha akaendelea kukunja mikono ya nguo yake.

"Mimi ndivyo ninavyofanya," akasema.

"Lakini kwa dalili gani, bibi?"

"Kwa dalili kwamba nina macho. Shika ndoo."

Dada yangu alikuja kunisimulia jioni hiyo. Akaongeza jambo jingine alilokuwa amelitunza moyoni. Mwosha hakuwakimbilia wafu wote sawasawa. Kwa kikongwe alikwenda mwendo wake. Lakini miaka ya mwanzo, akisikia marehemu ni msichana wa miaka minane au tisa, alitoka mbio na mtandio mkononi. Miaka ikaenda, akawa anawakimbilia mabinti waliovunja ungo. Kisha maharusi. Sasa, dada alisema, anawakimbilia wanaofia kwenye uzazi. "Kaka, umri unapanda. Kila mwaka unapanda."

Mimi si mtu wa kukaa na swali. Siku moja aliitwa kisiwani Nosy Sakatia kumwosha mama mdogo aliyekufa kwa homa, nikampeleka kwa boti yangu mwenyewe. Wakati wa kurudi nikapunguza mashine, nikamuuliza waziwazi.

"Koko, nyuma ya goti unatazama nini?"

Nilidhani atanitukana. Alikaa akitazama mikono yake, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Natafuta kovu," akasema.

Alikuwa na binti, Rukia, wa miaka sita. Mtoto alirudi nyuma akiwa uani, akakalia kikaango cha mokari, kikamuunguza nyuma ya goti la kushoto, pakabaki kovu la duara. Siku za vita, mumewe alipokuwa ameshauawa, alijifungia ndani na mtoto, akasikia kelele zinakaribia. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uzio wa makuti, aliishi jirani Mmalagasi, mfua nguo, aliyeitwa Mama Vola. Walikuwa wakiazimana chumvi, hawakuwa marafiki hasa. Alimpitisha mtoto chini ya uzio. Mama Vola akampokea, na hapohapo, kupitia nafasi za makuti, Mwosha akamwona akifumua nywele za Rukia na kuanza kuzisuka kwa mtindo wa Kisakalava, kabila lake, haraka haraka, ili akija mtu amwone ni mtoto wa kwao. Msuko wa kwanza ndio alioushuhudia. Kisha mlango wa mbele ukavunjwa, na yeye, aliyekuwa amerudi ndani, akatorokea dirishani. Askari wakamwokota njiani, kambini, melini, Ngazija. Alipopata njia ya kurudi Mahajanga, mwaka na zaidi umepita. Mtaa wa Tsaramandroso upo, nyumba haipo, Mama Vola hayupo. Kila aliyemuuliza alitazama chini.

"Mtu mzima hutamwambia akuonyeshe goti lake sokoni," alisema. "Nikaona ni kazi moja tu itakayonionyesha wanawake wa watu bila kuulizwa. Nikikuta hakuna kovu, nafurahi. Nafurahi mbele ya maiti wa watu, mwanangu. Mungu anisamehe."

Hapo nikafanya kosa. Nilijiona mjanja. Nikasema, "Lakini Koko, wewe unaosha Waislamu tu. Kama mtoto kalelewa na Wamalagasi, atazikwa kwa mila zao. Hatapita mikononi mwako hata uoshe miaka mia."

Alinitazama kama niliyempiga kofi. Mawimbi yalikuwa yanaturushia maji usoni na hakujifuta. Nikapata haya, na mimi nikipata haya husema maneno makubwa.

"Nitamtafuta mimi. Mimi nikitaka kitu, nakipata. Muulize yeyote."

"Wewe unapata kaa," akasema.

Nilitafuta kwa miaka. Wakati huo nilikuwa nimefungua ghala Mahajanga, na kila nilipokwenda nilizunguka Tsaramandroso nikiuliza habari za Mama Vola mfua nguo. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magurudumu ya pusipusi, vile vigari vya kuvutwa na mtu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Vola alihama. Wote walihama. Hata waliobaki walihama." Mwingine alinifuata mpaka kwenye lori. "Bwana, una mali, una afya. Hayo ya zamani usiyaulize. Chukua kaa wako uende." Sikuwa nimezoea kuambiwa uende. Kwa fedha nilifungua milango mingi maishani, lakini ule haukuwa na kitasa.

Jibu lilinijia nilipokuwa siulizi. Katika kijiji cha Boanamary, kwenye mlango wa mto Betsiboka, nilikuwa na mtu aliyenikusanyia kaa miaka kumi, Msakalava mwaminifu. Akafa, nikaenda kumzika, kama inavyopasa. Nikiwa nimesimama makaburini kwao nikaona makaburi yote yamelala upande mmoja, isipokuwa moja dogo, pembeni, limekatisha. Nililitazama, nikajipanga kama ninayetaka kusali. Limeelekea kibla.

Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa karibu, "Lile la nani?"

"La Soa," akasema. "Mtoto aliyekuja na Mama Soa kutoka mjini. Mama Soa ndiye aliyelilaza hivyo. Wazee waligomba, akakataa kulisogeza."

Wakanionyesha nyumba. Bibi mzee alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo. Alitazama kofia yangu, ungo ukasimama mikononi mwake. Sikuwa nimesema hata mbola tsara, salamu ya huku, akaniuliza:

"Mama yake yu hai?"

Nilikaa chini kwanza, ndipo nikamjibu kwamba yu hai.

Alikuwa ndiye. Vola alikuwa mtoto wa mwanamume aliyeishi naye mjini, na watu wa mjini wakamwita kwa jina la mtoto huyo. Siku za mauaji alikimbia kurudi kwao Boanamary na msichana mmoja tu mkononi, akampa jina la Soa, na kijijini watu humwita mwanamke kwa mtoto wanayemwona. Kwa hiyo huko hapakuwa na Mama Vola. Mwosha mwenyewe, aliporudi Mahajanga kumtafuta mtoto, aliwahi kufika Boanamary, akauliza kijiji kizima habari za Mama Vola, na kijiji kizima kikamjibu kweli: hatumjui. Siku hiyo Mama Soa alikuwa mtoni anafua.

"Na mtoto?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaliona kaburi.

"Homa. Mvua za mwaka ule ule hazijaisha. Niliweza kumficha wasimwone watu. Homa ilimwona."

"Alikuwa na kovu?"

"Nyuma ya goti. Alisema ni kikaango cha mama."

Kwa nini hakupeleka habari? Aliniambia alianza safari ya kwenda mjini mara mbili na mara mbili alirudi njiani. Mtoto alikuwa amana. Mtu akikupa amana anataka arudishiwe, hataki maelezo.

Nilirudi Nosy Be na sikusema. Nasema hili bila kujitetea: mwanamume niliyenunua lori la kwanza kwa mgongo wangu nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisipite mbele ya mikate ya bibi mmoja. Nilimwambia dada yangu nimepata wazo, nitamwambia Koko kwamba Rukia yuko Ufaransa, ameolewa, ana watoto. Dada alikuwa anapiga pasi. Aliiweka wima.

"Wewe ukimwambia hivyo," alisema, "ataacha kutafuta, ataanza kungoja. Utampa miaka mingapi ya kungoja, kaka? Usithubutu."

Nikaenda asubuhi, mikate ikiwa motoni. Nikamwambia nimesimama. Hakupiga kelele. Aligeuza mkate mmoja, akageuza na wa pili.

"Lini?"

"Mwaka ule ule, Koko. Kabla ya mvua kwisha."

"Basi hakufika hata saba." Akaweka kijiko chini. "Na wale wote..." akaanza, akaitazama mikono yake, na hakumaliza. Nilimmalizia kichwani: wale wasichana wa miaka tisa, wale maharusi, wale waliokufa kwenye uzazi. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akimkuza mtoto ambaye hakukua. Moshi wa mikate iliyoungua ukatuzunguka na hakuna aliyeitoa.

Kisha akasema, "Nipeleke."

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na dada yangu. Kivuko mpaka Ankify, kisha lori langu, siku mbili za barabara mbovu. Njiani aliongea mara moja tu, kunilaumu kwamba naendesha kama mwizi.

Mama Soa alituona kwa mbali. Hakusimama. Alishuka kutoka kwenye kiti chake kifupi akakaa mchangani, viganja vyote viwili chini, mbele ya mwanamke aliyekuwa akija.

"Nilikuwa na kitu chako," alisema, "nimekipoteza."

Mwosha naye akakaa mchangani. Walikuwa vikongwe wawili, mmoja na mtandio, mwingine na lambahoany, khanga ya Kimalagasi, begani, vitambaa vya duka moja. 

"Nani alimwosha?" Mwosha akauliza.

"Mimi. Waislamu wa hapa walikuwa wamekimbia wote. Niliwahi kuchungulia kwenu, alipokufa mama mkwe wako. Nikafanya nilivyokumbuka."

"Nionyeshe."

Wakatandika mkeka. Hayo ni mambo ya wanawake, nikageuka nikatazama mto. Nilisikia viganja vikipita juu ya mkeka mtupu, na sauti ya Mama Soa, "halafu hivi, halafu nikamgeuza hivi," na sauti ya Mwosha ikimfuata, laini, sauti ambayo sikupata kuisikia kwake: "Eee. Hivyo. Eee, hivyo hivyo." Dada yangu baadaye aliniambia kwamba hapakuwa na hata kitendo kimoja kilichokuwa sawa, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tukaenda kaburini. Lilikuwa limefagiliwa. Nikasema, "Koko, nitalijengea. Saruji, na juu yake vigae vyeupe, hakuna kaburi la namna hiyo Boanamary nzima."

"Nyamaza kidogo, mwanangu," akasema, bila ukali wowote. Akamgeukia mwenzake.

"Alikuwa akikuitaje?"

"Shangazi. Nilimfundisha hivyo kwa ajili ya watu."

"Siku zote?"

Mama Soa akainamisha kichwa. "Mwanzoni. Homa ilipompanda akaanza kuita mama. Alikuwa akikuita wewe, nilijua anakuita wewe. Aliita sana."

"Na wewe?"

"Nisamehe."

"Sikuulizi hilo. Alipoita, uliitika?"

"Niliitika," alisema Mama Soa. "Kila mara."

Mwosha akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza habari ndefu. Kisha akamshika mwenzake mkono, wakakaa pamoja upande wenye kivuli. Dada yangu akanivuta shati. Tukarudi kwenye lori, tukawaacha.